Nanga Hakutia Mguu Chini

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, kabla hatujaanza familia inaomba jambo moja dogo, geti liachwe wazi na waliokaa karibu nalo wasiongee kwa sauti, kwa sababu nje ya geti, upande wa kushoto, kwenye nguzo ya umeme, amesimama mtu ambaye tangu Jumanne amekuja hapa mara tatu na mara zote tatu amegoma kuingia, na historia hii, pamoja na kwamba ni ya marehemu, imeandikwa ili naye aisikie mpaka mwisho. Wengi mnamjua, anaitwa Sekunde. Tusigeuke kumtazama, ana haya, atusikilize tu kutoka hapo alipo.

Marehemu, ambaye tumezoea kumwita Nanga kiasi kwamba juzi karani wa hospitali alipouliza jina kamili hata mwanaye mkubwa aliduwaa kwanza ndipo akajibu, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Mei 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba msambaza mikate na mama mshona magunia, na shangazi yake aliyekuwepo siku ile, ambaye leo ana miaka themanini na tisa na yupo hapa mbele, anasema mtoto alitoka kimya, akawatazama wote mmoja mmoja, na mkunga alipokwisha kuingiwa na hofu ndipo akalia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966 katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli na kumaliza darasa la saba Novemba 1972, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, hesabu za kugawanya alizipenda, imla ilimtoa jasho, na mwalimu wake wa darasa la sita aliandika kwenye ripoti, ambayo mpaka leo imo katika bahasha ya kaki kabatini, kwamba mtoto huyu ana akili lakini akiulizwa swali hukaa kimya makusudi mpaka mwalimu ajijibu mwenyewe.

Kazi aliianza kabla hajamaliza shule, kwa kuwa baba yake alisambaza mikate kwa baiskeli yenye kreti moja mbele na nyingine nyuma, baiskeli ambayo stendi yake ilikatika na haikununuliwa nyingine, na kila walipofika kwenye mlango wa mteja baba alishuka na kuingia ndani na mikate minne au mitano, huku Nanga akibaki juu ya tandiko ameishika baiskeli isianguke, ilhali miguu yake ilikuwa haifiki chini. Baba alimwachia maneno yale yale kila mlango, "Usitie mguu chini, ukitia tu, mikate yote iko barabarani," na mtoto akajifunza kusimama na baiskeli palepale, haendi mbele wala harudi nyuma, anaipeleka pedali nusu inchi na kuirudisha nusu inchi, mpaka baba amalize kuongea na wateja, na baba yake alikuwa mtu wa maneno mengi. Ndiyo maana katika nyumba hii kutia mguu chini maana yake ni kukata tamaa, na watoto wake wote watatu, wakilia kwa sababu ya mtihani au homa au kuachwa na mchumba, waliambiwa jambo hilo moja tu, usitie mguu chini.

Tarehe 20 Februari 1975 walipeleka mikate kwenye kantini ya uwanja wa mbio za baiskeli, na baba alipochelewa kutoka, mwalimu wa timu ya kiwanda cha matairi alipita getini akamkuta kijana wa miaka kumi na sita amekaa juu ya baiskeli ya mikate, baiskeli imesimama wima, anapiga soga na mlinzi. Mwalimu akaingia ofisini, akamaliza shughuli zake, akatoka, akamkuta palepale. Akamuuliza, "Wewe, hiyo baiskeli umeifunga na nini?" Nanga akajibu, "Sijaifunga, mzee, namsubiri baba." Wiki iliyofuata alipewa baiskeli ya uwanjani, ile isiyo na breki, ambayo pedali zake huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka, na tarehe 3 Julai 1976 alishindana kwa mara ya kwanza, na Januari 1979 alisaini mkataba wa kulipwa na timu ileile, akawa mshindani kwa kazi, si kwa kujifurahisha.

Kwa ambao hamjawahi kufika uwanjani, marehemu alikuwa bingwa wa mbio za wawili, ambamo washindani wawili tu huzunguka mara tatu kwenye njia ya saruji iliyoinuka pembeni kama bakuli, na jambo la ajabu la mbio hizo ni kwamba hakuna anayetaka kutangulia, kwa sababu aliye mbele ndiye anayeukata upepo, na aliye nyuma anajificha mgongoni mwake, anamwona kila anachofanya, kisha anachomoka na kumpita mwishoni. Basi wajanja husimama. Unasimama tuli juu ya mteremko, mguu haugusi chini, unamtazama mwenzako, naye anakutazama, na atakayeshindwa kuvumilia ndiye atakayelazimika kuongoza. Watu waliokuja kuona mwendo wa kasi hujikuta wanashika pumzi kwa kutazama watu wawili wasiokwenda popote. Hapo ndipo alipopata jina la Nanga.

Na hapo ndipo alipokutana na Sekunde, ambaye wakati huo alikuwa mshindani wa timu ya kampuni ya maji, na jina hili alikuwa bado hajalipata. Jumapili tarehe 16 Agosti 1981, katika fainali, wawili hawa walisimama dakika ishirini na mbili. Wakati huo kusimama hakukuwa na kikomo. Wazee waliokuwepo wanasema watu walikwenda msalani wakarudi, mpiga tarumbeta wa uwanja alimaliza nyimbo zake zote akaanza upya, mawingu yalikuja yakaondoka, na katika dakika ya ishirini na mbili Sekunde akapiga chafya, mguu ukagusa saruji, kwisha habari yake. Kwa miaka arobaini na miwili baadaye, Sekunde alishikilia kwamba lilikuwa vumbi, na Nanga alishikilia kwamba vumbi halisemi "chiyaa", na hakuna karamu, kikao wala msiba walioketi pamoja bila ya jambo hilo kuibuka. Mapumziko ya msimu ule ule, chama cha mbio kikaweka kanuni kwamba kusimama kusizidi dakika tatu, na miaka ya baadaye kikapunguza tena, zikabaki sekunde thelathini. Kwa hiyo kanuni ile iliwekwa kwa ajili yao wawili, na Nanga alikuwa akisema kwamba watu wengine huachiwa vikombe na medali, yeye na Sekunde wameachiwa kanuni.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na mama wa nyumba hii tarehe 12 Juni 1983, kwa sababu ya kosa la sindano. Mama alikuwa akishonea timu namba mgongoni mwa jezi, na siku ile namba sita ya Nanga aliishona kichwa chini miguu juu, ikawa tisa, na namba tisa alikuwa mtu mwingine kabisa, mrefu, wa timu nyingine, ambaye alitangazwa mshindi wa mbio ambazo alikuwa amekaa kwenye benchi anakula chungwa. Nanga alikwenda kwenye dirisha la chumba cha ushonaji kulalamika, akafika, akasimama, asiseme neno. Mama akaendelea kushona. Akasimama. Mama akabadilisha uzi. Mwishowe mama ndiye aliyeanza kusema, akamuuliza, "Kaka, unanisubiri mimi au unasubiri basi?" Na Nanga kila mwaka alijisifu kwamba alishinda siku ile, mke wake ndiye aliyeongoza, lakini mama ametuambia jana usiku, akiwa anakunja shati lake, kwamba alikuwa amemwona tangu anavuka barabara na aliamua tu kumwacha asimame kidogo ili amtazame vizuri.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1984, katikati ya mapumziko ya msimu, kwa kuwa miezi mingine yote alikuwa safarini, na walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1985, mvulana aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1989, na kitinda mimba, binti, aliyezaliwa tarehe 27 Agosti 1997, na mkihesabu miezi kurudi nyuma mtajua kwa nini wenzake wa uwanjani walimtania bila huruma, wakisema Nanga hapumziki hata wakati wa mapumziko. Ameacha pia wajukuu watano, na wa mwisho, wa kike, ana wiki tisa, huyo alimwita mchumba wake.

Tarehe 17 Aprili 1988 alianguka katika mzunguko wa mwisho, akavunjika mfupa wa bega na mbavu tatu, akalazwa siku thelathini na moja, na huo ukawa mwisho wa kushindana. Machi 1989 alifungua karakana ya baiskeli katika chumba cha mbele cha nyumba hii, chumba ambacho wote mmekipita mkiingia, chenye beseni la maji la kutafutia tundu la mpira, kibao cha spana ambacho kila spana imechorwa umbo lake kwa rangi nyeupe ili isikosewe mahali, na kiti kimoja cha plastiki cha wageni ambacho hakikuwahi kukaliwa na mtu mwingine zaidi ya Sekunde. Maana Sekunde naye aliacha kushindana, akasomea upimaji wa muda, akawa mpima muda wa chama, akaanza kutembea na saa ya kupimia mbio shingoni kama watu wengine wanavyotembea na funguo, alipima kila kitu, uji kuchemka, mvua kukatika, shemeji yake kufungua mlango. Mwaka 2004 Nanga naye aliingia katika kamati ya kanuni ya chama, na hapo hawakuachana tena.

Wakati wao mzuri ulikuwa mapumziko ya msimu, kuanzia Novemba, ambapo hakuna mbio na magazeti ya michezo hayana la kuandika isipokuwa nani kahama timu gani. Sekunde alikuja na gazeti, Nanga akikaza spoki, na mwaka huu kitinda mimba, aliyerudi kukaa nyumbani baada ya kujifungua, aliwasikia kila siku kutoka chumba cha pili. Nanga alimchukua mchumba wake, akamlaza mkononi, akamsomea habari kwa sauti ya mtangazaji, kwamba bingwa fulani kahamia timu ya kampuni ya simu, mwingine kanenepa kilo nane kwa kula harusi za ndugu zake, na yule mwingine, aliyemaliza msimu mzima bila kuanguka hata mara moja, kavunjika mkono kwa kuanguka kwenye ngazi akibadilisha taa jikoni. "Unaona, mchumba," alimwambia mtoto, "nyumbani ndiko hatari." Sekunde akasema, "Mpe taarifa za maana huyo, mwambie babu yake anashindania kanuni ya kizee." Nanga akamjibu, "Nyamaza wewe, ukiongea sana utapiga chafya."

Kanuni waliyokuwa wakibishania ni ileile. Mwezi wa Oktoba chama kilileta pendekezo la kufuta kusimama kabisa, kwamba katika mbio za wawili atakayesimama hata sekunde moja atolewe, kwa sababu wenye kurusha matangazo wamesema watazamaji wa siku hizi wakiona hakuna mwendo wanahamia kwingine. Sekunde alikuwa upande wa kufuta. Alisema wazi, kwa muda wa miezi miwili, katika karakana hii, kwamba zama zao zimepita, na Nanga alisema wazi kwamba mbio zisizo na kusimama ni kama maneno yasiyo na nukta, mtu anabwata tu mpaka pumzi imwishie. Walibishana mpaka mama akawa anawaletea chai mapema ili wanyamaze kwa muda wa kunywa. Lakini hawakugombana, hilo familia inalisema mbele yenu wote, kwa sababu kuna maneno yameanza kuzunguka mtaani. Hawakugombana hata siku moja.

Katika historia za wengine hapa husomwa sehemu ya kuugua. Marehemu hakuugua. Alikuwa na presha tangu mwaka 2019, alimeza vidonge vyake kila asubuhi, tarehe 21 Novemba mwaka huu alikwenda kliniki na daktari akaandika kwenye kadi kwamba anaendelea vizuri sana, na Jumatatu jioni alibeba gunia la mchele kutoka getini hadi jikoni akakataa kusaidiwa. Siku hizi tatu tumekaa tukizirudia siku zake moja moja, kama yeye alivyokuwa akiuzungusha mpira ndani ya beseni la maji akitafuta tundu, na hatujaona kipovu hata kimoja. Kwenye kibao cha karakana lipo gurudumu la nesi wa nyumba ya tatu, spoki kumi na nne amezikaza, zilizobaki zimelegea, na spana ndogo ameilaza juu yake kama mtu atakayerudi baada ya dakika mbili. Hatujaligusa. Bado hatuelewi. Mama bado anaweka vikombe vitatu.

Jumanne tarehe 12 Desemba 2023, saa nne asubuhi, kamati ya kanuni ilikutana katika ofisi ya chama, ghorofani, juu ya duka la rangi, watu tisa kuzunguka meza moja. Waliokuwepo wametusimulia, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao hayapishani. Wanane walisema maoni yao, na ilipotimia saa nne na dakika thelathini na nane mama mwenyekiti akamgeukia, akasema, "Mzee Nanga, wewe ndiye tuliyekuwa tunakusubiri, unasemaje?" Nanga alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, kidevu kimeinama kidogo, miwani iko machoni. Hakujibu. Wote walimjua. Sekunde, aliyekaa mbele yake, akainua saa yake akaibonyeza, akasema, "Ehee, jamani, mzee amesimama, thelathini zinaanza." Chumba kizima kikacheka. Mmoja akasema, "Sekunde, angalia usipige chafya," wakacheka zaidi. Zilipotimia thelathini Sekunde akasema kama mwamuzi anavyosema uwanjani, "Muda umekwisha, ongoza, mzee." Zilipofika hamsini akasema, "Mzee, nakutoa mashindanoni, shauri yako." Kicheko kikaanza kupungua, mmoja anakohoa, mwingine anatazama dirishani, lakini bado hakuna aliyedhani lolote, kwa sababu walikuwa wanamtazama mtu aliyewahi kukaa hivyo dakika ishirini na mbili. Katika dakika ya kwanza na sekunde arobaini na saba, katibu aliyekaa ubavuni pake alimsogezea glasi ya maji, akamgusa mkono, na mkono ukateleza kutoka kwenye goti ukaning'inia.

Sekunde aliivua ile saa shingoni akaitupa, akazunguka meza, akambeba mwenzake mgongoni, yeye mwenyewe akiwa mtu wa miaka sitini na saba, akashuka naye ngazi zote ishirini na sita bila kukubali kupokelewa, na vijana wa duka la rangi wakawapakia kwenye gari la kupelekea mizigo. Hospitali iko mitaa miwili tu kutoka pale. Saa tano na dakika nane daktari alitoka, akasema amekwisha fariki. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi saba na siku tatu. Watu waliopigiwa simu siku ile walijibu jambo moja, walisema, "Nanga yupi?" kana kwamba wapo wengi.

Jioni ile Sekunde alimpigia mama simu, akasema maneno manne tu, "Shemeji, mimi nilikuwa nacheka," akakata. Kesho yake alipeleka barua chamani ya kuacha kazi. Tangu hapo anakuja mpaka kwenye ile nguzo na kurudi.

Sasa familia ina mambo mawili ya kumwambia, na ndiyo sababu geti liko wazi.

La kwanza ni la daktari, aliyetueleza taratibu na kutuchorea kwenye karatasi, kwamba moyo ulisimama mara moja, kama mtu anavyozima taa, na hata kama wote wangeruka kutoka vitini katika sekunde ile ya kwanza, katika chumba kile wasingekuwa na la kufanya likamrudisha. Ametuomba tulirudie jambo hili kwa yeyote anayejilaumu, na tumelirudia.

La pili halijulikani na mtu yeyote isipokuwa watu wawili. Asubuhi ya Jumanne, saa mbili na nusu, mama alikuwa akimshonea marehemu kifungo cha shati hapohapo mwilini, na kitinda mimba alikuwa chumba cha pili akinyonyesha, mlango uko wazi. Huyu si mtu wa kusema mbele za watu, na kwa siku mbili alilikalia jambo hili akidhani mama atalisema, na mama naye hakulikumbuka kwa mshtuko, mpaka jana lilipoandikwa akasomewa, akashika kifua akasema, ndivyo, ndivyo hasa. Nanga alimwambia mama hivi, "Leo mwenyekiti akiniuliza, sisemi kitu. Nanyamaza tu." Mama akamwambia, "Watadhani umesinzia." Akasema, "Sekunde hatadhani hivyo, atatoa kile kidude chake, namjua yule, mkono unamwasha. Nikimwona tu anabonyeza, nimeshinda." Mama akasema, "Na asipokitoa?" Akasema, "Basi nitakaa palepale mpaka mwakani." Mama akakata uzi kwa meno, akamwambia, "Mtu mzima na wajukuu, unakwenda mkutanoni kucheza kimya." Naye akajibu, "Thelathini zikiisha nitawauliza, mmecheka, mmegeuka, mmenitazama, kuna aliyesinzia? Kuna aliyehama? Basi hizo ndizo mnazotaka kuzifuta." Akavaa viatu, akambusu mchumba wake kwenye unyayo, akatoka akicheka peke yake.

Sekunde, unasikia? Ile saa alitaka uitoe. Kile kicheko alikipanga yeye, alikitengeneza hapa, ndani ya nyumba hii, huku anashonewa kifungo. Hakuna anayejua ukimya wake wa kupanga uliishia wapi na ule mwingine ukaanzia wapi, pengine alikuona unabonyeza, pengine hakuwahi, na sisi tumeamua kuamini kwamba alikuona. Hukumhesabia mtu kufa. Ulimfanyia rafiki yako jambo ambalo alikuwa na hakika utamfanyia, na mtu kuwa na hakika na mwenzake kwa kiasi hicho si jambo dogo.

Kwa kamati ya kanuni, familia haina la kuomba, mtapiga kura mtakavyoona, tunasema tu kwamba hoja yake ameshaiwasilisha, na kwa jinsi mlivyotusimulia, hakuna aliyesinzia.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliompokea, ambao walihangaika naye dakika ishirini ilhali walikwisha kujua, na daktari wa kliniki yake aliyekuja Jumatano akiwa na ile kadi mkononi, akakaa nasi. Tunawashukuru vijana wa duka la rangi, ambao gari lao liliacha alama ya rangi ya buluu kwenye suruali yake, na mama amesema isifuliwe. Tunawashukuru majirani, mliochukua watoto, mliopika, mliofagia, na nesi wa nyumba ya tatu aliyesema gurudumu lake likae hivyohivyo hata mwaka, atakwenda kazini kwa miguu. Tunakishukuru chama, mama mwenyekiti na katibu, na washindani wa zamani na wa sasa waliokatisha mapumziko yao kuja hapa.

Na tunamshukuru Sekunde, ambaye alimbeba ngazi ishirini na sita.

Limebaki jambo moja la kikazi. Katibu alipookota vitu vya marehemu chini ya meza, aliokota na ile saa, akatuletea vyote ndani ya bahasha pamoja na miwani, na tulipoifungua tulikuta saa bado inahesabu. Katibu hakuizima, na sisi hatukuizima, kwa sababu tumeishi na watu hawa miaka mingi na tunaijua kanuni ya wapima muda, kwamba aliyeianzisha saa ndiye anayeisimamisha, na hakuna mwingine mwenye ruhusa. Leo asubuhi, tulipoiweka hapa mezani, karibu na picha yake, ilikuwa imevuka saa sabini. Mama amesema jeneza halitatoka katika ua huu huku saa inahesabu. Kwa hiyo, Sekunde, ingia. Kiti chako cha plastiki kipo mstari wa mbele, karibu na shemeji yako, hakikukaliwa. Ingia ubonyeze kidude chako. Anayesoma atanyamaza hapa akusubiri, na sisi wote tutanyamaza naye, na ukichelewa si neno, tumefundishwa na Nanga, hatutakuwa wa kwanza kutia mguu chini.

Nawe, baba, mume, kaka, babu na mchumba, umesimama vya kutosha. Pumzika kwa amani. Huu ndio mlango wa mwisho, mikate yote iko salama, sasa tia mguu chini.